Afisa Aliyeajiri Waoga

Afisa alikuwa mwoga. Nasema hivi bila kumvunjia heshima, na yeye mwenyewe angekuwa hapa angeniambia nianze na hapo hapo, nisipoteze muda wa watu. Aliogopa ndovu, nyati, radi, na madereva wa malori waliotoka Mombasa bila kulala. Kuliko vyote aliogopa kinyonga. Siku moja alimkuta mmoja kwenye uwanja wa ofisi yetu hapa Voi, akaingia ndani mbio, akafunga mlango kwa ufunguo, na watu waliokuja kuomba kazi wakangoja juani mpaka mlinzi alipomwondoa mdudu huyo kwa fimbo ndefu. Waombaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Afisa alifungua dirisha kidogo, akawatazama mmoja mmoja, aone ni nani ambaye hakucheka.

Kazi yake ilikuwa kutafuta watu. Kampuni yetu ina kambi za watalii kule nyikani, upande wa kuelekea mlima Kasigau, na kambi zenyewe hazina ua. Hicho ndicho mgeni anachokijia: alale ndani ya hema, ndovu apite nje akisugua mgongo kwenye mti. Mgeni akitaka kutoka usiku anasindikizwa na askari. Lakini mpishi anayeamka kabla ya jua kwenda kuwasha jiko, msichana anayebeba mashuka, fundi wa maji, hao hutembea wenyewe. Na kila mmoja wao alikuwa ameandikwa kazi na Afisa. Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, na sasa nimekalia kiti chake. Kiti hicho nakiogopa.

Hakuwa mtu wa kuvutia ukimwona mara ya kwanza. Suruali yake ilikuwa na mkunjo mkali wa pasi, viatu vimepigwa rangi, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha mameneja waliotumwa kutoka Nairobi, ingawa alikitumia tu akikasirika. Mimi pia aliniita majina mawili. Nikiwa nimefanya vizuri nilikuwa "mwanangu". Nikiwa nimeboronga nilikuwa "madam", na hapo nilijua siku hiyo hakuna chai.

Katika intavyuu hakuuliza mambo ya vyeti. Vyeti alivisoma kabla mtu hajaingia. Alianza kwa kuwaambia ubaya wa kazi: joto, nzi, upweke, wageni wanaopiga kelele, nyoka bafuni. Aliusema wote, polepole, wengine wakainuka wakaenda zao bila hata kuaga. Aliyebaki aliulizwa swali moja.

"Sasa niambie. Unaogopa nini?"

Vijana wa huku ukiwaweka mbele ya mtu mwenye meza huona aibu kukiri woga. Wamelelewa kwamba mbele ya mkubwa unasimama wima na unajibu kwa sauti. Basi walijibu kwa sauti. "Mimi siogopi kitu, boss. Niweke tu kazi utaona." Afisa alikunja karatasi zao vizuri, akawarudishia kwa mikono miwili na kuwatakia safari njema. Wengine walikuwa na vyeti ambavyo mimi ningevitia kwenye fremu. Kuna kijana mmoja wa Mwatate, mhudumu wa mezani, mrefu, meno meupe, anayejua Kijerumani cha kuongea na kucheka. Alipokataliwa nilishindwa kunyamaza.

"Huyu anajua Kijerumani, Afisa. Wageni wetu nusu ni Wajerumani."

"Nyati hajui Kijerumani," alisema, akaita mwingine.

Nilicheka sana. Nilikwenda kuwasimulia wenzangu, wakacheka pia. Sasa sitaki hata kuandika sentensi hiyo, lakini nimeshaiandika.

Siri ya swali lake haikukaa. Mtu mmoja aliyepata kazi aliwaambia wa kwao, wa kwao wakaambiana kanisani, na kabla ya mwaka kuisha kila mwombaji aliingia ofisini akiwa ameshafunzwa. "Naogopa ndovu," walisema wote, kwa sura moja. Walisema hata wale wa Wundanyi, ambao kule juu kwenye baridi yao ndovu wanamwona kwenye kalenda. Mama mmoja alimfunza mwanawe mpaka kutetemeka. Kijana akatetemeka kwa bidii hata akamwaga soda juu ya meza, Afisa akasimama akifuta suruali yake ya pasi na kusema kwa Kiingereza maneno ambayo sitayaweka hapa.

Baada ya soda hiyo aliacha kuandika watu ofisini. Akaanza kuwafuata makwao. Alipanga safari zake wakati mahindi yanakomaa, kwa sababu ndio wakati ndovu hushuka kwenye mashamba ya watu, na alihakikisha tunafika jua likikaribia kuzama. Tulikaribishwa, tukakaa, chakula kikaletwa. Aliongea habari za mvua, za bei ya dengu, za barabara. Kazi hakuitaja. Mimi nilikuwa nakufa na usingizi na sijui ng'ombe wa nani amezaa, na sikuelewa tumekuja kufanya nini, mpaka nikaona kwamba macho yake yako kwenye midomo ya watu.

Huko chini jioni haina kimya cha kweli. Kuna mbuzi, kuna redio, kuna watoto. Halafu tawi linavunjika mahali. Pengine ni upepo tu, au ni punda wa jirani. Wengi huendelea kula. Lakini mara nyingine mtu mmoja pale kwenye mkeka huacha kutafuna. Haongei wala hainuki. Ugali uko shavuni, na yeye ametulia anasikiliza, halafu macho yake yanazunguka kutafuta watoto wako wapi.

"Umemwona?" Afisa aliniuliza siku ya kwanza tukirudi.

"Nani?"

"Huyo dada mdogo, siye aliyeomba kazi. Ameacha kutafuna." Akaendelea kuendesha gari kidogo. "Anayeogopa kweli hatakwambia, mwanangu. Anasikiliza. Na hakuna anayesikiliza akitafuna."

Yule dada mdogo aliandikwa kazi, kaka yake aliyeomba akaachwa, na familia hiyo ilitununia kwa muda mrefu. Yeye bado yuko kambini, anasimamia vyumba vyote.

Nisimfanye malaika. Afisa alikuwa mgumu, na mara nyingine alikuwa mgumu bila sababu. Alimkatalia mtu kwa kuwa alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ndugu zake wa damu kule kwao Makwasinyi hakuwaandika hata mmoja, akisema hataki kelele, na alipokwenda kwao kwenye mazishi watu walimpa mkono huku wakitazama pembeni. Alihubiri kuja mapema na yeye kanisani aliingia wakati wa sadaka. Na kulikuwa na lile jibu lake.

Kila tulipokwenda, mzazi mmoja, karibu kila mara mama, alitusindikiza mpaka kwenye gari na kuuliza: "Atarudi lini?" Alichotaka kujua si tarehe ya likizo. Wote tulijua anauliza nini. Afisa alijibu bila kumwangalia, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Likizo yake ikifika, atarudi na miguu yake." Nililichukia jibu hilo. Nilimwambia mara moja kwamba angeweza angalau kutabasamu. Akaniita madam.

Kisha makao makuu wakapiga simu kuhusu kijana wa Mwatate. Alikuwa ameandika moja kwa moja Nairobi, kwa Kijerumani, na mkubwa mmoja huko akapendezwa. Tunapoteza vipaji hivi hivi, mkubwa alisema, huku wengine wanavichukua. Afisa angeweza kukataa. Alikuwa amekataa mambo makubwa zaidi. Siku hiyo alichoka, au labda alifikiri kwamba safari hii amekosea yeye, sijui. Tulikwenda Mwatate. Kijana hakuacha kutafuna hata kidogo, alikula huku akicheka, akatuchekesha na sisi. Mama yake alitufuata mpaka kwenye gari na kuuliza swali lake, na Afisa akajibu jibu lake.

Wageni walimpenda kijana huyo ajabu. Waliandika jina lake kwenye barua zao. Jioni moja alimaliza kazi, akaweka muziki masikioni kwa zile waya za simu, akaanza kutembea kwenda vyumba vya wafanyakazi. Wapishi walimwona nyati kabla yake. Walimwita wote, kwa nguvu, wakagonga sufuria. Hakusikia.

Nilikuwa na Afisa tulipoupeleka mwili wake nyumbani. Nilidhani mama atapiga mayowe, nikajiandaa kwa hilo. Hakupiga. Alituletea chai, akakaa mbele yetu, akamwangalia Afisa.

"Ulisema atarudi na miguu yake."

Afisa alikuwa na kikombe mkononi. Akakiinua akanywa, chai ikiwa bado moto, akanywa mpaka ikaisha, macho yakimtoka machozi ya ule moto au ya mengine. Kisha akakiweka chini polepole na kuendelea kukaa.

Tangu hapo hakuwahi kutoa lile jibu tena. Tulikwenda kwenye nyumba nyingi baada ya hiyo, na mama aliyeuliza "Atarudi lini?" alimwona Afisa akiinua kikombe alichotoka nacho mpaka kwenye gari, hata kama chai imepoa, hata kama nzi ametua, na kuimaliza yote. Halafu alisema asante, akamrudishia kikombe na kuingia kwenye gari. Wengine walimwona ana kiburi. Mimi nilitazama chini.

Ni yeye, mzee huyo wa pasi na viatu, aliyekuwa wa kwanza kudai mtandao kambini. Mameneja walishangaa. Walikuwa wamemweka kwenye kundi la watu wa zamani. Lakini Afisa aliona watu wanavyoondoka: huyu Ghuba kwa Waarabu, huyu Nairobi, huyu amejifungia chumbani kwao Wundanyi anawafanyia kazi Wazungu kwa kompyuta na hataki kusikia habari za kubeba mashuka. "Mtoto akiweza kumwona mamake kwenye simu kila jioni, atakaa," aliwaambia. "Na likizo iwe na siku inayojulikana, isihamishwe kwa sababu ya mgeni. Lakini simu ibaki chumbani. Njiani mtu atembee na masikio yake." Kwenye kila mlango wa vyumba vya wafanyakazi akapigilia rafu ndogo ya kuweka simu. Hizo rafu ziko mpaka leo, na mtu akipita na simu mkononi wenzake humfokea kabla mimi sijafika.

Alistaafu, akarudi kwao Makwasinyi, nami nikaachiwa kiti. Mwanzoni nilijaribu kuwa wa kisasa. Matangazo tukayaweka mtandaoni, na swali lake nikaliweka pia, kwa heshima yake: unaogopa nini? Majibu yakaja kwa wingi. Yote yaliandikwa na ile mitambo ya kwenye simu inayokuandikia chochote unachotaka. "Hofu yangu kubwa ni kutofikia uwezo wangu kamili." Mwombaji wa Taveta aliogopa kutofikia uwezo wake kamili, wa Mwatate vilevile, wa Voi vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeogopa nyati. Nilicheka peke yangu ofisini, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kati ya hao ilinibidi nichague.

Nimeanza kuota ndoto ya sufuria zikigongwa. Simu ikiita asubuhi mapema kabla ya wakati wake, naigeuza uso chini kabla sijaona ni nani. Mume wangu ananiambia niache kazi. Nikiacha, atakayekuja ataletwa na wakala wa Nairobi, na wakala hatakaa kwenye mkeka wa mtu. Kwa hiyo nikarudia njia ya Afisa, makwao, wakati wa mahindi, jua likizama.

Mwaka huu mpishi mkuu wa kambi ya mbali aliondoka kwenda Ghuba, wiki chache kabla ya wageni wengi kuanza kuja. Makao makuu wakanipa muda mfupi: nisipopata mtu, wakala atamleta wa kwake. Waliofaa hawakutaka kuja nyikani, na waliotaka kuja walinitisha. Kisha ikaja barua ya dada mmoja, mpishi kwenye hoteli ya Mombasa iliyopunguza watu, na sifa zake zilikuwa kamili, hakuna cha kuongeza. Kwenye nafasi ya swali alikuwa ameandika, "Njoo nyumbani utaona." Nikatazama ametoka wapi. Makwasinyi. Nikatazama jina la baba, nikainuka nikafunga mlango wa ofisi bila kujua nakimbia nini.

Afisa alikuwa amekaa nje ya nyumba yake nilipofika. Suruali bado ilikuwa na mkunjo. Amekonda, na mkono mmoja unamsumbua, lakini saa niliyofika aliiangalia akaelewa kila kitu. Hakunisalimu kwanza.

"Umekuja jua likizama," alisema.

"Ndio, Afisa. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi Voi, mwanangu. Sema hukumpata."

Binti yake, yule wa mwisho, alikuwa jikoni. Tulimsikia akipanga sahani. Afisa aliongea kwa sauti ya chini, haraka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinishika mkono.

"Mimi nimechukua watoto wa watu. Nilikwenda hapo, na hapo, na kule ng'ambo ya mto." Alionyesha nyumba kwa kidevu. "Huyu niachie. Andika kwamba hafai. Wewe una kalamu."

Nilitaka kumwambia ndio. Naapa neno lilikuwa limefika mdomoni. Nilimwogopa yeye, niliogopa wakala, niliogopa kambi ile na njia yake ya kutoka vyumbani mpaka jikoni, ambayo ni ndefu na ina kichaka katikati. Binti akatoka na maji ya kunawa. Akamwinamia baba yake, akamnawisha mkono ule mbovu kwa upole.

"Baba," alisema, "wewe uliingia nyumba za majirani wote hapa. Wao wote walikupa. Hii yetu ndiyo uliyoipita ukaenda."

"Nilipita kwa sababu nilijua unafaa."

"Najua ulijua. Mimi pia najua. Sasa mwache madam ale."

Tukala. Ugali, mchicha, kuku ambaye nadhani alichinjwa kwa ajili yangu. Mke wa Afisa aliongea habari za mvua, za bei ya dengu. Afisa hakula. Aliangalia mahindi upande wa chini wa shamba, ambako giza lilikuwa limeanza kukaa, na mimi nilimwangalia yeye kwa kuwa sikutaka kumwangalia binti. Nilijiambia kwamba nisipomwangalia sitaona, na nisipoona nitaandika hafai, na nitakuwa sijasema uongo.

Kisha chini kule bua likavunjika. Moja tu.

Mke wa Afisa aliendelea na habari za dengu. Nikageuka, sikuweza kujizuia, na baba naye alikuwa amegeuka. Binti alikuwa ameacha kutafuna. Shavu limejaa, mkono uko hewani na tonge lake, na mwili wote umetulia. Macho yake yalikwenda kwa mama yake, yakaja kwangu, yakakaa kwa baba kwenye kiti chake. Alikuwa anatuhesabu. Halafu bila neno akanyoosha mkono wa kushoto, akazima redio.

Hakuna kilichokuja. Labda alikuwa punda.

"Umeona, Afisa," nilisema.

Aliinamisha kichwa. Alipitisha kiganja cha ule mkono mzima juu ya mkunjo wa suruali yake, akaurudia tena.

"Nimeona," alisema. "Mwandike."

Binti akaleta chai, akaingia ndani kuosha vyombo. Mama yake akamfuata. Tukabaki wawili, na ulikuwa wakati wangu wa kuaga, gari lilikuwa pale pale mbele ya nyumba. Afisa aliinuka kwa shida, akanisindikiza mpaka kwenye mlango wa gari, kikombe changu nimekishika bado, nimesahau kukiacha. Alisimama mahali ambapo wale akina mama wote walisimama. Nilijua anachotaka kusema, nikatamani asiseme.

"Atarudi lini?" aliniuliza.

Lile jibu la tangazo lilikuja lenyewe, maneno yote kwa mpangilio wake, nikayauma. Nikainua kikombe. Chai ilikuwa imepoa na majani yamekaa chini. Nikainywa yote, naye akasimama pale, akaningoja nimalize.